Nani Atamwogesha Mama

Dada yangu alipopata kazi Arusha, mimi ndiye niliyemwambia aende. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wako watu wa kanisani kwetu wanaoamini mpaka leo kwamba aliondoka kwa tamaa ya makuu, akaniachia mimi, mwanaume, mama mgonjwa. Haikuwa hivyo. Alikuwa amesimama jikoni, nyumbani kwetu Gahanga, pembeni mwa Kigali, anamenya ndizi, akanipa habari ile kama mtu anayesema gesi inakaribia kwisha.

"Wale wa Arusha wamenikubali. Kesho nitawaandikia kwamba haiwezekani."

Dada yangu ni mhandisi wa maji. Amenizidi miaka mitatu, na sasa amevuka hamsini. Kazi ile ilikuwa ya miaka miwili, ya kusimamia wahandisi wa nchi kadhaa, na aliiomba kimyakimya bila kumwambia mtu. Nilimuuliza kwa nini haiwezekani. Alielekeza kisu upande wa chumba cha mama.

Mama alipatwa na kiharusi mwaka mmoja kabla ya hapo. Mkono na mguu wa kulia vililegea, maneno yakawa yanatoka polepole, lakini akili ilibaki vilevile, kali na isiyosahau. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini dada alimwamsha, akampeleka bafuni, akamwogesha, akamvika, akamketisha barazani. Jioni alianza tena. Mimi niliishi nyumba ileile. Ndoa yangu ilivunjika zamani, bila mtoto, na kazi yangu ni ya kutafsiri, nakaa mezani na kompyuta kutwa nzima. Yaani kati yetu wawili, aliyekuwa nyumbani saa zote ni mimi. Na bado kwa mwaka mzima sikuwahi kubeba beseni la maji ya mama.

"Nenda," nilimwambia. "Mimi nipo."

"Utapika?"

"Napika."

"Utafua shuka zake?"

"Nitafua."

Akaweka kisu chini. "Na kuoga?"

"Nitamwogesha mimi."

"Umemuuliza?"

"Nitamuuliza."

Sikumuuliza. Niliogopa kidogo jibu lake, lakini zaidi niliamini kwamba jambo lenyewe si kubwa. Nilikuwa nimetafsiri miongozo mingi ya semina za usawa wa wanaume na wanawake, nayajua maneno yake yote, kugawana majukumu, malezi ya pamoja, kazi zisizolipwa za nyumbani. Nilidhani mtu anayejua maneno hayo tayari ameshafika.

Na ningepaswa kumjua mama yangu. Tulikulia Karagwe, upande wa Tanzania, watoto wa wakimbizi kutoka Rwanda. Nilipokuwa na miaka saba au minane nilipenda kukaa jikoni wakati wa mvua kwa sababu ndiko kulikokuwa na moto. Mama alikuwa akinitoa kwa mwiko. "Baba, toka humu," alisema. Aliniita baba, kama akina mama wengi wa kule wanavyowaita watoto wao wa kiume. "Unataka watu waseme sikukulea?" Dada alibaki ndani anapuliza kuni, machozi yakimtoka kwa moshi. Mimi nilitoka nikasimama chini ya paa, nikijiona mtu aliyeonewa.

Dada aliondoka. Siku ya kumpeleka uwanja wa ndege mama alimshika mkono kwa ule wa kushoto, akamwambia aende kwa amani, na wala hakulia. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa tayari ameshapanga mambo yake na jirani.

Jirani huyo ni mama mtu mzima, mjane, aliyekulia Bujumbura, ambaye ukuta wa nyumba yake unagusana na wetu. Asubuhi ya kwanza, kabla sijachemsha maji, alikuwa ameshapiga hodi. "We kaa na kompyuta yako," aliniambia. "Mama iko na mimi." Akaingia, akafunga mlango, nikawasikia wanacheka. Wakati huo niliona ni bahati. Miezi mitatu ikapita namna hiyo, na kila dada aliponipigia simu nilimwambia kwamba kila kitu kinakwenda vizuri, nikijihesabia sifa ambazo hazikuwa zangu.

Kupika nilipika kweli. Mama alikula, akilalamika kuhusu chumvi. Lakini walipokuja wageni kutoka kanisani, wakasifu maharage, alisema, "Ni jirani yangu aliyepika, Mungu ambariki." Nilikuwa nimesimama palepale na sahani mkononi. Wageni walipoondoka nikamuuliza kwa nini amedanganya.

"Nimekusitiri," alisema.

"Unanisitiri na nini, mama? Maharage?"

"Baba, wewe hujui watu wanavyosema." Akageuza uso kutazama barabara.

Mwezi wa nne, binti wa jirani alijifungua mapacha huko Rusizi, mbali magharibi. Jirani alikuja kuniaga akiwa na kapu la nguo, pikipiki inamsubiri nje kumpeleka stendi ya mabasi ya Nyabugogo. "Wiki tatu, ama ine," alisema. "Watoto ni wawili, na mama yao hajui hata kushika mmoja. Utaweza, si ndiyo?" Nilimwambia nitaweza. Nilitafuta wa kulipwa pia. Wa kwanza alikaa siku sita, mama akasema anamsugua kama viazi. Wa pili alikuja asubuhi moja, akapata kazi kwenye shule ya watoto wadogo, hakurudi. Kigali hii, mtu mwenye mikono mizuri kwa wagonjwa hakai wiki bila kugombaniwa.

Ndipo nikapasha maji, nikayapima kwa kiwiko nilivyoona dada akifanya, nikabeba beseni, sabuni na taulo mpaka bafuni, nikamweka mama kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa bado amevaa nguo zake zote na kitenge juu.

"Asante," alisema. "Sasa toka."

"Nataka kukusaidia mgongo tu."

"Nitafanya mwenyewe. Toka, baba."

Nikatoka. Nilikaa kwenye korido kwenye stuli. Nilisikia maji yakimwagika, kisha kimya, kisha kitu kikianguka, kisha kimya tena. Nilipouliza kama yuko salama alisema, "Usiingie." Karibu saa nzima ilipita. Aliponiita alikuwa kwenye kiti kilekile na nguo zilezile. Maji nusu yalikuwa sakafuni. Sabuni ilikuwa kavu.

"Nimeoga," alisema.

Nikasema, "Vizuri, mama."

Tukaendelea hivyo siku ya pili na ya tatu na ya nne. Kila jioni dada alipiga simu. "Ameoga?" "Ameoga." Siku ya sita harufu ilikuwa imejaa chumbani, na mama alikuwa anaijua. Alianza kuniomba nifungue dirisha. Alikataa kwenda barazani. Mzee wa kanisa alipokuja kumsalimia mama aliniambia nimjibu kwamba amelala, na macho yake yalikuwa wazi kabisa.

Siku ya nane nilikaa pembeni ya kitanda chake, nikajaribu kuongea kama mtu mzima na mtu mzima.

"Mama, mimi ni mtoto wako. Nilitoka kwako."

"Ulitoka, ndiyo."

"Sasa kuna aibu gani?"

Nyumbani Kiswahili kilikuwa lugha ya mambo ya kila siku, na Kinyarwanda kilikuwa cha mambo mazito. Alihamia Kinyarwanda. Alisema *ishyano*, neno la msiba ule usiotakiwa hata kutajwa, unaomletea mtu laana. Alisema mwanaume akiona uchi wa mama yake ni ishyano, na kwamba yeye ameshapoteza nchi, akapoteza mume, akapoteza mkono na mguu, hataki kupoteza na hilo. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ananieleza, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Basi unataka nifanye nini?" nilimuuliza.

"Ungekuwa na mke," alisema.

"Nioe mtu ili akuogeshe?"

"Watu huoa kwa sababu ndogo kuliko hiyo."

Nilikwenda kuwaomba akina mama wa kanisani. Walikuja Jumamosi watano, wakafunga mlango, wakamwogesha, wakambadilisha shuka, wakaimba, wakasali. Nilisimama nje nikishukuru. Walipotoka, mkubwa wao alinishika bega. "Tumeongea," alisema. "Mwanaume wa umri wako, mwenye nyumba na kazi, hawezi kukaa hivi. Oa." Nikamwambia kwamba kinachohitajika si harusi, ni mtu wa kuja kila siku. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba mtu wa kuja kila siku ndiye huyo anayeitwa mke. Kisha akauliza, "Na huyu binti, atarudi lini? Anajua hali ya mama yake?" Nilitaka kusema kwamba mimi pia ni mtoto. Nikasema anajua.

Wiki iliyofuata niliona doa kwenye shuka, nikampeleka kliniki. Muuguzi, msichana ambaye angeweza kuwa binti yangu, alimkagua nyuma ya pazia, akatoka akivua glavu. Alikuwa ameona kidonda mgongoni, chini, pale mifupa inapokandamiza.

"Nani anamwogesha?"

"Hakuna," nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema.

"Hana binti?"

"Anaye. Mimi ndiye ninayemtunza."

Alinitazama, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Maelekezo ya kusafisha kidonda alimpa mama, si mimi. Mama angekifikiaje kidonda cha mgongo wake kwa mkono mmoja wa kushoto? Nilipomuuliza muuguzi hilo, alisema, "Mtafuteni mwanamke nyumbani." Sikumlaumu. Alikuwa na foleni ndefu, na nadhani alidhani ananirahisishia.

Usiku ule nilipaswa kumwambia dada ukweli. Nilishika simu. Aliniambia habari za mradi wao, kwamba ameanza kuzunguka na timu yake, kwamba kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hakuna mtu mkutanoni aliyemwomba alete chai. Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile kwa miaka. Nikamwambia mama amelala, anamsalimu.

Mama alianguka siku ya Jumatano mchana. Nilikuwa mezani, chumba cha pili, na mlango niliuacha wazi ili nimsikie akiniita. Hakuniita. Aliona bora kujivuta ukutani mpaka chooni peke yake kuliko kuniita nimshike. Nilisikia kishindo, nikakimbia, nikasukuma mlango.

Alikuwa sakafuni kwa ubavu, kati ya choo na ukuta. Gauni lilikuwa limepanda juu. Mkono wa kushoto, ule mzima, ulikuwa chini yake umekunjika vibaya. Hakuwa na mkono wa kujifunikia. Alifumba macho.

"Usiingie," alisema. "Funga mlango."

"Mama, umeumia—"

"Baba, nakuomba. Funga."

Nikafunga.

Nimejieleza kitendo hicho kwa namna nyingi. Nimejiambia nilimheshimu. Nimejiambia niliduwaa. Ukweli ni kwamba nilishika kitasa, nikavuta mlango, nikasikia ukibana, na moyoni mwangu kulikuwa na nafuu ndogo, ya kutokuwa lazima nitazame. Kisha nikatoka mbio barabarani, pekupeku, kutafuta mwanamke. Mwanamke yeyote. Nyumba ya jirani ilikuwa imefungwa. Nyumba ya mbele mlinzi alisema mama mwenye nyumba yuko kazini. Niliteremka mpaka kwenye mashamba ya bondeni, nikakutana na mama mmoja anapanda na mzigo wa majani ya muhogo kichwani. Sikuwahi kumwona kabla ya siku hiyo. Nilimwambia mama yangu ameanguka chooni, hataki mimi niingie.

Hakushangaa hata kidogo. Alitua mzigo pembeni ya njia, akanifuata. Aliingia, akafunga mlango, nikasikia akisema, "Pole mama, nimekuja." Na mama yangu, ambaye hakumjua, akamjibu, "Asante mwanangu, nivute." Yule mama alimsafisha, akamvika, ndipo akanifungulia nimbebe mpaka kwenye teksi niliyokuwa nimeita. Nadhani kwa jumla mama alilala kwenye ile saruji dakika ishirini na tano. Nilipotaka kumshukuru yule mama alikuwa ameshaondoka kufuata majani yake.

Kifundo cha mkono wa kushoto kilikuwa kimevunjika. Wakamfunga plasta ngumu mpaka karibu na kiwiko. Sasa hakuwa na mkono hata mmoja wa kushika kijiko. Kulishwa alikubali. Nilimlisha uji pale hospitalini, akameza, akanitazama, akasema, "Mpigie dada yako."

"Mama, tumpe muda. Ndiyo kwanza ameanza kuzoea."

"Mpigie."

Nikabonyeza namba. Nikaweka simu kwenye sikio lake nikaishikilia, kwa sababu hakuwa na mkono wa kuishika. Kwa hiyo niliwasikia wote wawili. Mama alisema, "Mwanangu, rudi." Upande wa pili nilisikia watu nyuma ya dada wakiongea, kisha mlango ukifungwa. Mama alisema tena, "Rudi, mama." Dada naye alimwita mama, kama alivyoniita mimi baba. Dada akasema, "Ndiyo." Sikuondoa simu mpaka ilipokatika yenyewe.

Alirudi siku ya nne, akiwa na mabegi mawili, yote aliyoondoka nayo. Niliyaona nikajua kwamba hakuomba likizo. Aliingia chumbani kwa mama, akakaa humo karibu saa mbili, akitoka tu kubadilisha maji. Maji ya kwanza aliyomwaga yalikuwa ya kijivu. Alipomaliza alinikuta jikoni.

"Kila jioni nilikuuliza," alisema. "Kila jioni ulisema ameoga."

"Sikutaka urudi."

"Na sasa niko wapi?"

Nilimweleza yote, beseni, sabuni kavu, kliniki, mlango. Nilipofika kwenye mlango nilisema, "Alisema nifunge. Ningefanya nini? Niliona aibu, dada. Yeye aliona aibu, na mimi niliona aibu."

Alikaa kwenye kiti. Mikono ya shati lake ilikuwa imelowa mpaka juu.

"Unamkumbuka bibi?" aliuliza. "Kule Karagwe, alipokuwa anakaribia kufa?"

Nilimkumbuka kwa mbali, kikohozi chake tu.

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama alinipa beseni akaniambia ingia. Nilisimama mlangoni nikalia. Sikuwahi kuona mwili wa mtu mzee. Mama akanisukuma mgongoni, si kwa ubaya, akasema maji yatapoa." Alikamua mkono wa shati. "Mimi pia niliona aibu. Leo pia naona aibu. Mama yangu anageuza uso na mimi nageuza uso, tunaongea habari za nyanya mpaka tumalize. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nilijaribu kusema pole. Alisema amechoka, akaenda kulala.

Hayo ni ya mwaka jana. Kidonda kilipona. Plasta ilitolewa, ingawa mkono haukurudi kuwa na nguvu kama mwanzo. Kazi ya zamani ya dada hapa Kigali ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, na ile ya Arusha walimpa kijana aliyekuwa chini yake. Siku hizi anafanya kazi ndogondogo za ushauri, zile zinazoweza kufanyiwa nyumbani asubuhi mama akishaketi barazani. Jirani alirudi kutoka Rusizi na anamsaidia siku mbili kwa wiki.

Mimi napika, nafua, naanika shuka za mama uani. Hilo mama amelikubali, hasingizii tena jirani. Wanawake wanaopita njiani wananiona na shuka, wanasema, "Mama huyu ana bahati ya mtoto wa kiume." Mara moja, baada ya ibada, walinisifu mbele ya dada yangu, aliyekuwa amemshikilia mama asianguke. Nikawaambia kazi yote anafanya yeye, mimi naanika nguo tu. Wakacheka, wakasema mimi ni mnyenyekevu pia. Nilimtazama dada. Alikuwa anamfunga mama mtandio.

Nimejaribu mara mbili zaidi. Mara ya kwanza dada alikuwa na homa. Nikaingia na beseni, mama akaniambia anaweza kusubiri. Alisubiri siku tatu. Mara ya pili nilimwomba anifundishe, aniambie tu namna ya kufanya huku nimefumba macho. Alinihurumia. Alinipapasa mkono kwa vidole vyake vilivyokakamaa, akasema, "Baba, wewe huna kosa." Kisha akamwita dada.

Juzi dada alipigiwa simu na mtu wa Arusha. Kulikuwa na tatizo la shinikizo kwenye bomba moja kubwa, hawakuelewa michoro aliyoiacha. Dada alisimama barazani akiwaeleza, anachora hewani kwa kidole, sauti yake imenyooka, na nilijikuta nimeacha kutafsiri ili nimsikilize. Mama akaita kutoka ndani. Dada aliendelea kwa sentensi moja zaidi, kisha mama akaita tena. Akanipa simu, akaingia, akafunga mlango.

"Mhandisi?" yule mtu alisema. "Mhandisi, bado upo?"

"Ametoka kidogo," nilisema. "Mimi ni mdogo wake."

"Anarudi sasa hivi? Tuko kwenye mkutano."

Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Nilimwambia sijui. Alisema watajaribu kumtafuta mtu mwingine.